Ukirudia The Lion King, isikilize kwa Kiswahili

The Lion King, filamu ya katuni ya mwaka 1994, ina dakika 88 tu, lakini mtu mzima anayejua Kiswahili akikaa nayo vizuri anasikia mambo ambayo mtazamaji wa Marekani yanampita. Majina na maneno kadhaa ya filamu hii ni yetu. Mengine yametumika sawasawa, mengine yamepinda, na neno moja ni zito kuliko wanavyodhani walioliweka humo.

Kwanza nakala. Tafuta ile iliyoonyeshwa sinemani 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff. DVD ya mwaka 2003 ilikuja na toleo la ziada ambalo Zazu, ndege mtumishi wa mfalme, anaimba ripoti yake ya asubuhi, pale mfalme Mufasa anapomfundisha mwanawe Simba kunyatia. Katika toleo la awali ile ripoti husemwa tu nyuma ya mazungumzo ya baba na mwana, nasi tunabaki na hao wawili. Wimbo unakivuruga kipande hicho. Ukiusikia, badilisha nakala.

Halafu televisheni. Filamu inakwenda kwa picha 24 kwa sekunde, na katika uchoraji wa mkono mchoro mmoja mara nyingi hukaa picha mbili. Televisheni nyingi mpya hubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. LG huita TruMotion, Sony huita Motionflow. Zima kabisa. Ukiiacha, mistari ya nyuso inayumba na kingo za manyoya zinafifia, kwa sababu mashine inakisia mahali ambapo mchoraji aliamua. Kama huijui menyu, chagua mtindo wa picha ulioandikwa Cinema au Movie, kisha hakikisha mwendo umezimwa kweli. Kwa sauti, tumia spika ya pembeni au hedifoni, maana spika ndogo za nyuma ya televisheni humeza kwaya yote.

Na kwaya ndiyo mlango wa filamu. Ile sauti inayopasua jua likichomoza ni ya Lebo M wa Afrika Kusini, na maneno ni Kizulu: kwa ufupi, huyu simba anakuja, baba. "Baba" hilo ni lilelile letu. Baadaye anatajwa chui mwenye mabaka, na sikio la Mswahili linakaribia kushika "amabala" bila mkalimani. Ni undugu wa lugha za Kibantu, siyo Kiswahili, kwa hiyo watoto wakiuliza wajibu hivyo.

Kizulu kinajitokeza tena Timon na Pumbaa, rafiki zake Simba wa msituni, wanapoimba kuhusu simba aliyelala. Asili ya wimbo huo ni "Mbube" wa Solomon Linda, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939. Lile neno "wimoweh" linalorudiwa duniani kote ni "uyimbube" lililosikiwa vibaya, yaani wewe ni simba. Familia ya Linda ilifungua kesi kuhusu wimbo huo mwaka 2004, na yakafikiwa makubaliano mwaka 2006.

Sasa maneno yetu wenyewe. "Hakuna matata" ilikwisha kuvuma kwenye "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya filamu, nayo ni Kiswahili halali, ingawa mitaani utasikia zaidi "hamna shida" au "hakuna tatizo". Kilichopinda ni tafsiri yake. Timon anamwambia Simba kwamba maana yake ni kuishi bila wasiwasi siku zote zilizobaki. Lakini wasiwasi ni wa moyoni, na matata ni vurugu iliyoko nje yako. Tena "hakuna" ni ya sasa hivi. Ya siku zijazo ingekuwa "hakutakuwa na". Kwa hiyo Mswahili anasikia kauli ya kweli kwa muda tu: hapa, leo, mambo yametulia. Ndivyo hasa Simba anavyoishi kule msituni, mpaka Nala, rafiki yake wa utotoni, anapotokea na matata yake. Kwa maana yetu wimbo unaingia kwenye hadithi vizuri kuliko kwa ile waliyoipa wao.

Kile kiitikio cha Rafiki, "wewe nugu, mimi hapana", ni jambo lingine. Nugu ni mnyama halisi wa jamii ya nyani na tumbili, na kama tusi linakubalika. Ila "mimi hapana" ni Kiswahili cha walowezi, cha bwana shamba akimwamuru mpishi. Mwenye lugha angesema "mimi si nugu". Inasikitisha kwamba mzee mwenye hekima kuliko wote ndiye aliyepewa sarufi hiyo.

Majina: Simba na Rafiki yako wazi. Sarabi ni mazigazi, maji yanayoonekana kwa mbali kwenye joto na ukiyafikia hayapo. Kwa mama wa simba ni jina la kishairi kabisa. Pumbaa ni kuzubaa, kupigwa na bumbuwazi, na inapaswa kusikika pu-mba-a, silabi tatu, wala siyo "pumba" kama wanavyotamka. Mufasa na Nala usihangaike kuyatafuta kwenye kamusi yetu. Zile orodha za mtandaoni zinazosema Nala ni "zawadi" kwa Kiswahili zinadanganya.

Limebaki Shenzi, kiongozi wa fisi. Kumpa jike uongozi ni sahihi, maana kwa fisi madoa majike ndiyo yanayotawala. Lakini jina! Pwani, mshenzi alikuwa mtu wa bara machoni pa waungwana wa mjini, asiyehesabiwa ustaarabu, na wengi walioitwa hivyo walitekwa na kuuzwa. Mtoto anacheka tu. Mtu mzima anamwona Mufasa akimwonyesha mwanawe nchi yote inayoguswa na nuru, kisha pale penye giza ambapo hatakiwi kukanyaga, na wanaoishi humo wanaongozwa na Shenzi. Neno linasema wazi kile ambacho picha inakizunguka. Wala fisi halisi hastahili sifa hiyo: utafiti wa Hans Kruuk kule Ngorongoro, miaka ya 1960, ulionyesha fisi wakiwinda wenyewe usiku, na mara nyingi simba ndio waliokuja kuwapokonya.

Ukifika kwenye mbio za nyumbu bondeni, tazama kucha za Scar, mdogo wake Mufasa. Simba wengine huzificha. Zake ziko nje filamu nzima. Simamisha picha anapozikita kwenye mikono ya kaka yake ukingoni mwa jabali, kisha uende mwishoni, anapomshika Simba vilevile. Simba anakumbuka, pambano linaanza, na Scar anawatupia fisi lawama ili ajiokoe. Wao wamemsikia, na wanammaliza. Kisha mvua inanyesha, majani yanarudi, wanyama wanakusanyika tena chini ya mwamba. Wahesabu kundi kwa kundi: twiga, pundamilia, tembo. Fisi hawamo.