Faili la Mkimbizi Likifunguliwa Upya: Ninavyopanga Tarehe, Majina na Ukoo

Novemba 2025 idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, ilitoa agizo la ndani kwamba wakimbizi walioingia nchini kati ya 20 Januari 2021 na 20 Februari 2025 wapitiwe upya, na maombi yao ya kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, yasimame kwanza. Hao ni watu zaidi ya 200,000, na Wakongo ni wengi mno humo. Siku chache baadaye askari wawili wa National Guard walipigwa risasi Washington. Mtuhumiwa alikuwa Mwafghanistani aliyeingia 2021, na mjadala ukawaka. Kwamba mtu huyo hakupitia mpango wa wakimbizi, bali alikuja kwa njia ya dharura baada ya Kabul kuanguka, wengi walilipita bila kulitazama. Bungeni na kwenye televisheni mkimbizi wa kambini, mwomba hifadhi wa mpakani na mwenye viza hutiwa kapu moja, ingawa kila mmoja ana foleni yake, fomu zake na uchunguzi wake.

Kazi yangu ni ya mezani. Nasaidia familia zinazoongea Kiswahili kupanga makaratasi kabla hayajafika kwa wakili, na mimi si wakili. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona yakisaidia.

Kwanza uelewe faili lina nini ndani. Maelezo ya mkimbizi mmoja huandikwa angalau mara tatu kabla hajapanda ndege: UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wanapomsajili na kumpendekeza, RSC Africa, ofisi inayoendeshwa na shirika la Church World Service kutoka Nairobi, inapomfanyia intavyu ya mwanzo, kisha ofisa wa USCIS, yule anayeitwa DHS kambini, anapomhoji kwa kiapo juu ya fomu I-590, ya kuomba kuingia kama mkimbizi. Akitimiza mwaka Marekani anajaza I-485, ombi la kadi ya kijani, hiyo ya nne. Kila mara mkalimani mwingine na karani mwingine. Pembeni yake jina limepitishwa kwenye orodha za Wizara ya Mambo ya Nje na idara za ujasusi, na alama za vidole kwenye hifadhi za FBI, Usalama wa Ndani na Pentagon.

Sasa mtu wa Fizi au Masisi, huko Kivu mashariki mwa Kongo, ana nini kwenye kompyuta hizo? Mwaka 2011 FBI iliwakamata Wairaki wawili huko Bowling Green, Kentucky, waliokuwa wameingia kama wakimbizi. Alama za vidole za mmoja wao zilikuwa kwenye sehemu ya simu iliyounganishwa na bomu ambalo halikulipuka, lililopatikana Iraq mwaka 2005. Kitu kilikuwa ghalani miaka yote hiyo, hakikulinganishwa na mtu. Wanaodai mchujo mkali wana hoja hapo, na sioni faida ya kuwabeza. Lakini Iraq palikuwa na jeshi la Marekani lililokusanya alama za vidole kwa miaka. Kivu hapakuwa na jambo hilo. Kwa Mkongo, uzito wa uchunguzi unaangukia intavyu, yaani kama maelezo ya leo yanakubaliana na ya jana. Anayesema hawa hawakuchunguzwa hajaona faili. Anayesema wamekwisha kuchunguzwa na idara chungu nzima, basi yatosha, hajajiuliza idara hizo zilikuwa na nini cha kulinganishia.

Kwa hiyo kazi yote ni kuyaweka yale maandishi bega kwa bega kabla ofisa hajayaweka.

Ninaanza na fomu AR-11, ya kubadilisha anwani. Haina ada, na hujazwa ndani ya siku 10 tangu kuhama. Kila mtu wa nyumba ajaziwe, hata mtoto. Familia nyingi huhama fleti mara mbili tatu miaka ya mwanzo. Barua ya kuitwa ikienda anwani ya zamani, ofisa hajui kwamba haikusomwa. Anachokiona ni mtu ambaye hakufika.

Baada ya hapo naomba nakala ya faili lenyewe, lile linaloitwa A-File, kupitia tovuti ya USCIS kwa sheria ya uhuru wa habari. Namba ya A ipo kwenye kibali cha kazi. Kila mtu mzima aombe lake, na kwenye ombi itajwe wazi kwamba zinatakiwa I-590, fomu ya usajili na mti wa familia, la sivyo unaweza kuletewa rundo la barua za kawaida. Kurasa nyingine zitakuja zimezibwa. Hilo ni la kawaida. Wakati mnasubiri, kusanyeni ya kambini: karatasi ya usajili wa UNHCR, kadi ya mgao, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto. Piga picha mbele na nyuma. Kadi ya kliniki ni hazina, maana mara nyingi ndiyo karatasi pekee yenye tarehe iliyoandikwa siku ile ile jambo lilipotokea.

Halafu jedwali. Safu sita: kuanzia lini, mpaka lini, wapi (kijiji, groupement, teritwari, mkoa), aliishi na nani, ushahidi upi, na ukurasa gani wa faili unasema hivyo. Kila kuhama ni mstari wake. Kisichojulikana kinaandikwa «takriban», hakibuniwi. Ukimpa mtu tarehe nzuri asiyoikumbuka, ataisahau mbele ya ofisa, na hapo umemtengenezea uongo ambao hakuwa nao.

Wazee wengi hawashiki miaka, wanashika matukio. Nauliza: volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mlikuwa wapi? Hiyo ni 17 Januari 2002. Mauaji ya Makobola yalipotokea, mwisho wa 1998 kuingia 1999, mlikuwa mmeshavuka ziwa? Mlifikia Lugufu au moja kwa moja Nyarugusu? Hizo ni kambi za Tanzania: Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na Lugufu ilifungwa 2009, watu wakahamishiwa Nyarugusu. Waasi wa M23 walipoingia Goma mara ya kwanza ilikuwa Novemba 2012. Ukiwa na misumari hiyo, miaka ya katikati inajipanga yenyewe. Usimsomee mtu majibu ya zamani kabla hajajibu. Andika anachokumbuka, ndipo ufungue faili mlinganishe.

Tofauti zikijitokeza, karibu zote zinatoka mahali pale pale. Tarehe 03/07 iliyoandikwa na karani wa kambi ni Julai. Mmarekani akiisoma ni Machi. Mtu asiyejua siku aliyozaliwa hupewa 1 Januari, na ndiyo maana unakuta nyumba nzima ina siku moja ya kuzaliwa. Saa nane usiku ya mhojiwa ilitafsiriwa 8 PM, yaani saa mbili usiku, kwenye karatasi, na shambulio likahama kutoka usingizini kwenda wakati wa chakula. Ofisa hana njia ya kujua hayo. Yeye anaona shambulio moja lenye saa mbili tofauti.

Majina yanastahili karatasi yake peke yake. Mkongo ana nom (jina la kwanza kuandikwa), postnom (jina la pili la Kiafrika) na prénom (mara nyingi la Kikristo). Fomu ya Marekani ina nafasi za jina la ukoo, jina la kupewa na jina la kati. Kwa hiyo postnom mara inakuwa ukoo, mara jina la kati, mara inapotea kabisa. Aliyesoma au kuzaliwa wakati wa Mobutu, baada ya 1972 majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku, anaweza kuwa na cheti kisicho na Jean wala Marie, na cha baadaye kinacho. Ndugu wa baba na mama mmoja mara nyingi hawana jina la ukoo la kufanana, kila mmoja ana lake. Tahajia nazo: Byamungu, Biamungu, Bya Mungu. Natoa orodha ya kila namna iliyowahi kuandikwa, na ukurasa ilipo, kisha zote zinaingizwa kwenye sehemu ya majina mengine yaliyotumika katika I-485. Watu wanaogopa kwamba majina mengi yataleta shaka. Ninavyoona mimi, jina lililotajwa na mwenyewe linapunguza maswali, na lililogunduliwa na ofisa linayaongeza.

Ukoo ndipo panapovunjika zaidi. Mtoto wa marehemu kaka yako ni mwanao, na baba mdogo ni baba. Hakuna Mswahili wa kuuliza zaidi. Mwaka 2008 Marekani ilifanya jaribio la DNA lililoanzia Nairobi kwa waliokuwa wakiombewa na jamaa zao, matokeo yakawa mabaya kiasi kwamba mpango huo ulisimamishwa hadi 2012. Udanganyifu ulikuwepo, ndiyo. Walikuwepo pia watoto waliolelewa tangu uchanga na kuandikwa wa kuzaa, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali sahihi. Mimi nauliza moja tu kwa kila mtoto: nani alimbeba mimba? Jibu linaandikwa kwenye mti wa familia hivyo hivyo, hata kama karatasi ya UNHCR inasema vingine. Hili likijulikana kwa kipimo kabla halijasemwa kwa mdomo, linageuka kuwa kosa la kusema uongo kwa serikali, na huko mlango ni mwembamba.

Kisha kuna jambo ambalo familia hazipendi kuligusa: makundi yenye silaha. Sheria ya Marekani inakihesabu kikundi chochote cha watu wawili au zaidi wanaotumia silaha kuhatarisha watu kuwa cha kigaidi kwa upande wa uhamiaji, hata kama hakipo kwenye orodha rasmi. Wanamgambo wa Mai-Mai wanaingia humo. Na msaada kwao ni neno pana: mama aliyewapikia sombe akiwa ameelekezewa bunduki, kijana aliyebebeshwa mzigo, kaya iliyowalipa kodi ya «lala salama» kila wiki, waliolimishwa salongo, yaani kazi ya lazima. Wanaficha wakidhani wanajikinga. Tangu 2007 kuna msamaha kwa aliyelazimishwa, lakini unatolewa kwa aliyeeleza, na mkuu wa nyumba akinyamaza huku mkewe alishasema kwenye intavyu yake, wote wawili wana tatizo. Naandika mambo matano: kundi gani, wapi, lini, walitoa nini na kiasi gani, na kingetokea nini kama wangekataa. Sentensi fupi, hakuna mapambo. Karatasi hiyo inakwenda kwa wakili tu, haipigwi picha, haitumwi WhatsApp.

Kwa walio na jamaa bado kambini, hali ni nzito na sina mengi ya kufundisha. Amri ya Rais Trump ya Januari 2025 ilisimamisha mpango mzima wa wakimbizi kuanzia tarehe 27, na kiwango cha mwaka wa fedha 2026 kiliwekwa watu 7,500, kipaumbele wakapewa Waafrikana, wazungu wa Afrika Kusini. Mwaka wa fedha 2024 walikuwa wameingia zaidi ya 100,000. Kinachoumiza kwenye kusimamisha ni muda wa hati: kipimo cha afya hudumu kama miezi sita, au mitatu kwa mwenye historia ya kifua kikuu, na uchunguzi wa usalama nao una ukomo. Kimoja kikiisha kabla ya ndege, kinarudiwa, na wakati kinarudiwa kingine kinaisha. Mtoto akizaliwa katikati, kesi inafunguliwa kumwingiza. Miezi mitatu ya kusimama inaweza kula mwaka. Aliyefika tayari ana miaka miwili tangu kuingia ya kuwasilisha I-730, fomu ya kuita familia, kwa ajili ya mume, mke, au mtoto chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa. Haina ada. Iwasilishwe hata kama milango imefungwa, kwa sababu tarehe ya mwisho haisubiri siasa.

Kuhusu wakili: tafuta aliye na leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambaye mara nyingi yuko kwenye mashirika ya wakimbizi na bei yake ni nafuu. Epuka watu wa kujaza fomu dukani. Tafsiri za vyeti vya Kifaransa ziwe kamili, pamoja na mihuri, na mtafsiri asaini kwamba ni sahihi na kwamba ana uwezo wa lugha zote mbili.

Siku ya intavyu chagua lugha unayofikiria nayo. Wabembe na Wafuliiro wengi husema «Kiswahili» kwa mazoea, kisha wanaletewa mkalimani wa Mombasa. Kwenye intavyu ya kadi ya kijani unaweza kwenda na mkalimani wako, mkajaza fomu yake, G-1256, mradi awe mtu mzima na asiwe wakili wako. Usipoelewa swali, sema hukuelewa, usikisie. Na tofauti mliyoigundua wenyewe, wakili aipeleke kwa maandishi kabla ya siku hiyo: ukurasa fulani unasema hivi, ukweli ni huu, sababu ya tofauti ni hii, na ushahidi huu hapa. Peleka nakala, asili zibaki nyumbani kwenye bahasha, kila mtu na ya kwake.