Santuri yenye lebo mbili

Juzi baada ya magharibi mwanangu wa kike alikua anapekua lile sanduku la chini ya kitanda akatoka na santuri moja, kaishika kwa kingo kama nlivyomfunza, akaniuliza, "Baba, mbona hii ina karatasi mbili?"

Nikamwambia irudishe mahali pake. Alafu nikakaa na simu mkononi mpaka isha bila kusoma hata neno.

Yeye ana miaka tisa. Mi nlikua na kumi na nne nlipoiona hio karatasi ya pili, mwaka 1994, kwa ami yangu wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu, na tangu siku ile sijaweza kuamua kama tulifanya sawa ama tulikosea.

Ami alifanya kazi duka la santuri Mombasa ujana wake wote, miaka ya sitini na sabini, aliporudi Lamu akaja na kinanda chake cha kupigia santuri na santuri kama mia mbili akazipanga ndani ya zidaka vya ukutani pale ambapo bibi zetu walikua wakipanga vyombo vya China. Alikua nazo za chapa ya Mzuri, ile ya Assanand na wanawe wa Mombasa, za mwimbaji Zein l'Abdin kijana wetu wa hapa hapa Lamu, na alikua na vipande viwili vya moja ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, zile alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 za kampuni ya HMV zenye mbwa anaesikiliza gramafoni. Hizo za zamani za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo, na hio ya Siti ilivunjika kabla mi sijazaliwa lakini ami hakuitupa. Alisema lebo ni nzima.

Kila masika yakiisha kazi yangu ilikua kuzitoa zote kuzipiga upepo kwa sababu nyumba za mawe zinashika unyevu na ukungu unapenda karatasi. Kitambaa kikavu, unafuta kwa kuzunguka, lebo huigusi kamwe. Na hapo ndo ami alinifundisha kuziangalia. Watu wakishika santuri wanasoma jina la mwimbaji basi, yeye alikua anaanza pembeni, yale maandishi madogo yanayozunguka ukingo wa lebo, alafu rangi, alafu jina la wimbo limeendelezwaje, alafu anaiinamisha kwenye mwanga kutafuta namba ilochorwa pale palipo laini, baina ya mstari wa mwisho na lebo. Alikua akisema lebo ni karatasi, yaweza kusema lolote, lakini namba ile imetoka kwenye chuma kilichoipiga hio santuri kwa hio haiwezi kujificha. Wimbo mmoja unaweza kupigwa kiwandani mara tatu kwa miaka tofauti na kila mara lebo zikachapwa upya, leo nyekundu kesho ya buluu, leo jina la mtunzi lipo kesho halipo.

Nlipokua mkubwa nkaja kujua ulimwengu mzima una watu kama ami. LP, yaani santuri kubwa, ya kwanza ya Beatles, Please Please Me, ilotoka Uingereza Machi 1963, za mwanzo kabisa zina lebo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, na kwenye nyimbo walizotunga wenyewe pameandikwa Dick James Mus. Co., baadae kidogo dhahabu ni ile ile lakini hapo hapo pameandikwa Northern Songs, alafu dhahabu ikaondoka ikaja lebo nyeusi na manjano. Sauti ni zile zile. Watu wanalipa pesa nyingi sana kwa tofauti ya maneno machache madogo, na wengine wanawashangaa, mi siwashangai hata kidogo, kwa sababu maneno yale yanasema wimbo uko mikononi mwa nani.

Sasa jambo moja ambalo lazima ulijue ndo uelewe. Lebo ya santuri haigandishwi kwa gundi. Zile karatasi za duara zinakaushwa kwanza kwa moto, kwa kua zikiwa na unyevu zinatoa mapovu na kupasuka, alafu zinawekwa moja chini moja juu ya donge la plastiki ya moto, mashine inafunga, inakandamiza, santuri inatoka na lebo yake imeshikana nayo, kitu kimoja. Ukucha wako haupiti. Ami alinambia hivi zamani sana, nlikua na miaka kumi labda, akamaliza kwa kusema, "Kwa hio ukiona lebo ina gundi, jua kuna kitu kimefunikwa."

Hio santuri ya karatasi mbili ni ya 45, ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika, si ya Mzuri, ni ya kampuni nyengine ndogo ambayo sitaitaja. Lebo nyekundu. Jina la wimbo, jina la mwimbaji, na chini yake maneno na muziki kaandikiwa mkubwa wa kikundi. Nyumbani kwetu wimbo huo ukipigwa bibi alikua anatoka chumbani. Kwa sababu maneno yale ni ya Babu. Ndivyo tulivyoambiwa toka utotoni, kua Babu aliyatunga kwa harusi ya dadake, mtu akayachukua akaenda nayo Mombasa, yakarudi Lamu yako ndani ya redio na jina la mtu mwengine. Babu hakuwahi kulalamika mbele ya watu. Daftari lake, aliloandika kwa herufi za kiarabu kama walivyokua wakiandika wote, lililiwa na mchwa. Kwa hio ushahidi ulikua ni kule kutoka kwa bibi chumbani basi.

Ilikua baada ya alasiri, tumekaa kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, jua linaingia kwa juu tu kwenye ukuta wa upande mmoja. Mi nafuta, ami anapanga. Nkaishika ile nyekundu, na kidole kikahisi kitu, ngazi ndogo sana, kama ukingo wa stempu kwenye bahasha. Nikaiinamisha kwenye mwanga. Upande wa juu, karibu na tundu, unyevu ulikua umeinua karatasi kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, na chini yake sikuona plastiki nyeusi. Niliona buluu.

"Ami, hii ina gundi."

Hakujibu. Alikuja akanichukulia mkononi polepole, akavua miwani, akaisogeza mpaka ikawa karibu imguse mato. Akakaa hivyo muda. Alafu akasema, "Nenda katie birika moto."

Nakumbuka kila kitu cha ile robo saa. Jiko la makaa lilikua pale pembeni, birika lile la bati lililopinda mdomo, mvuke ukaanza kutoka mwembamba alafu mzito. Ami ameishika santuri mbali, si juu ya mvuke wenyewe, pembeni, kwa sababu plastiki ikipata joto inapinda na ikishapinda haina dawa, anaipitisha anaiondoa, anaipitisha anaiondoa, na kila akiondoa ananipa mimi niingize wembe. Mikono yake ilikua inatetemeka, yangu bado. Nikaingiza wembe bapa, sikuukata, nliulaza tu, na karatasi nyekundu ikaanza kuinuka kama utandu wa maziwa ukiutoa na kijiko, imelainika, inatoa harufu ya unga wa ngano uliochacha. Hio ndio gundi yao. Mtu alikaa mahali na bakuli la gundi ya unga akabandika moja moja.

Chini yake buluu safi, haijaona jua miaka yote ile. Kwanza ikatoka nusu ya neno la jina la wimbo. Nikasogeza. Ikatoka Maneno, na nukta mbili. Nikasogeza kidogo tena na nakwambieni nlikua nimeacha kupumua, ikatoka M, o, h, a.

Babu anaitwa Mohamed.

Mi nlitaka kupiga kelele. Nikamtazama ami na badala ya furaha nikaona ameniwekea mkono wake juu ya kifundo cha mkono wangu, hakunibana, ameuweka tu. "Basi," akasema.

"Ami, imebaki kidogo."

"Wacha mwanangu."

"Mbona?"

Nje punda alipita na mzigo wa mchanga, nlisikia kwato zake mpaka zikamalizika kwenye kona. Ami akasema, "Mui huu una kina Mohamed wangapi?" Nikanyamaza. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kua kulikua na Mohamed mwengine, rafiki kipenzi wa Babu, wakitunga pamoja barazani, huyu anatoa ubeti huyu anajibu, na watoto wake bado wako hapa hapa tunaswali nao. Na kuhusu wimbo huu, watu wa ile nyumba nao wanasema maneno ni ya baba yao.

Akairudisha karatasi nyekundu mahali pake kwa kidole gumba, akaweka kitambaa juu, juu ya kitambaa akaweka ile pasi ya makaa, baridi. Usiku kucha. Asubuhi ilikua imeshika isipokua ile pembe. Pembe haikushika tena mpaka leo.

Hatukulizungumza tena. Bibi alikufa mwaka uliofuata bila kuambiwa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hata zile herufi nne zingemtosha, najua zingemtosha. Ami alikufa 2009. Santuri zikagawanywa, nyingi zikauzwa, mi nliomba hio moja.

Nimeitafuta ndugu yake miaka yote hii. Ya buluu isobandikwa sijaipata. Lakini 2015 nlipata nyengine nyekundu Mombasa kwa muuza vitu vikuukuu, nikaiinamisha kwenye jua pale pale njiani, namba ilochorwa ni ile ile mpaka mkwaruzo ulioko pembeni ya tarakimu ya mwisho. Nikapitisha ukucha kwenye lebo. Haina gundi. Nyekundu yake imepigwa kiwandani. Kwa hio mambo yalikwenda hivi: buluu ilitoka kwanza, ikiwa na jina la Mohamed, kisha mtu akaamua jina lile lisionekane, zilizokua tayari zikabandikwa nyekundu kwa mkono, na zilizofuata zikachapwa nyekundu toka mwanzo. Mpaka hapo nina hakika. Kwa nini, hapo ndo sina kitu. Inawezekana walimfuta Babu. Inawezekana walimfuta rafikiye. Inawezekana pia mtu alilalamika kua Mohamed, yeyote yule, kaandikiwa haki isokua yake.

Nimejaribu kuimulika na tochi kali, haipitishi kwa kua nyuma ya karatasi ni plastiki nyeusi. Mtu mmoja anaekusanya santuri alikuja Lamu akaiona, akasema anaweza kuibandua kwa ustadi ila hawezi kuniahidi zote mbili zitabaki nzima. Nikamshukuru nikaifunga. Sijui nlikua namuogopea nani, lebo, Babu, ama wale watoto wa yule Mohamed wa pili ambao mkubwa wao ndie alienisomea khutba ya ndoa yangu.

Sasa jana, kwa sababu yule mtoto hakuniacha, baba fungua, baba si ufungue tu, nikamchukua mpaka mtaa wa Langoni kwa shangazi. Shangazi ndo mtoto wa Babu aliebaki. Haoni vizuri tena lakini masikio mazima. Mwanangu akambusu mkono, akamwambia, "Bibi, tuimbie ule wimbo." Nikaogopa atanyanyuka atoke kama alivyokua akitoka mamake. Hakutoka. Akaimba taratibu, bila ala, beti zote za kwenye santuri kwa mpangilio wake, alafu mahali ambapo santuri inakwisha, kwa sababu upande mmoja wa 45 unabeba dakika chache tu, yeye hakukwisha.

Wasema nenda kwa mwendo, nao pwani wangalipo
Nanga haina kishindo, yazama mtu yuwapo

Na nyengine mbili baada ya hio. Sijawahi kuzisikia maisha yangu. Nikamuuliza amezipata wapi akasema amezipata wapi vipi, zilikua zinaimbwa barazani kwetu, yeye mtoto mdogo amelala kwenye mkeka anazisikia. Nikamuuliza nani alikua akiziimba. Akafikiri.

"Wote wawili," akasema.

Mwanangu alikua ameshatoa daftari la shule anaandika, ulimi nje, anamrudisha bibi kila akipitwa. Alipomaliza akarudi juu ya ukurasa pale alipoacha nafasi, akanitazama na kalamu imesimama. "Baba, hapa niandike ya nani?"

Nafasi ile bado iko tupu, nimeiangalia asubuhi hii kabla hajaenda shule.