Sufuria ya senene
Jana nimepita Kyaka na bibi yangu. Tulipofika darajani akamwomba dereva apunguze mwendo. Hapo, mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la mto Kagera. Bibi alikuwa ameshavuka siku chache kabla, kwa miguu, mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

Nilidhani atanisimulia mabomu. Akanisimulia senene, wale panzi wa kuliwa. Ulikuwa msimu wake; alikuwa ameacha sufuria jikoni, senene nusu wamekaangwa, na mbuzi wawili wamefungwa mgombani. Aliporudi baada ya vita, nyumba haikuwa na bati wala mlango. Mbuzi ndiyo usiulize. Sufuria aliiokota shambani kwa jirani, imetoboka. Jirani mwenyewe hakurudi.

Pale Kaboya wanajeshi wetu waliokufa katika vita hiyo wamezikwa kwa heshima, na kila Julai 25 tunawakumbuka. Wanastahili kabisa. Lakini jirani yule hana hata jiwe lenye jina lake, na inaniuma sana.

Nimeanza kumrekodi bibi kwenye simu. Leo amenitajia majirani kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba, kuanzia kisimani.