Kabla hujashika kalkuleta soma kopo

Mie nafundisha kemia jioni huku Tudor, Mombasa, vijana wa fomu tatu na fomu foo, na wengi wakifika wanaogopa ile hesabu ya chumvi gani itiwe gramu ngapi. Wallahi hesabu yenyewe haina maneno, ni kuzidisha mara mbili umemaliza. Chukua nguvu ya solusheni (maji yaliyoyeyushwa chumvi) unayotaka, yaani molari, moli ngapi kwa kila lita, zidisha kwa lita, hapo una moli, kile kipimo cha kuhesabu chembe, halafu zidisha kwa uzito wa moli moja zinakuja gramu, basi. Chumvi ya kawaida moli moja ni gramu 58.44, kwa hivyo lita moja ya molari 0.154 yataka gramu 9, na hiyo ndio dripu ya hospitali ile imeandikwa asilimia 0.9. (Bahari hapo Mama Ngina ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu mara nne ya dripu, kwa hivyo ukimeza mafunda kiu inazidi tu.)

Sasa kinachoangusha watu ni kopo la kemikali, hawalisomi. Chukua kopa salfeti, ile ya buluu wazee waiita mrututu, kijana anaandika CuSO4 anajumlisha anapata 159.6 na kwenye karatasi yuko sawa kabisa, lakini ile buluu iliyo mezani imebeba maji ndani yake, kila molekula moja ya chumvi na tano za maji, uzito wake ni 249.7. Tuseme wataka mililita 250 za molari 0.1. Hiyo ni moli 0.025, ukipiga kwa 249.7 ni gramu 6.24, ukipiga kwa 159.6 ni gramu 3.99. Ukipima hizo 3.99 za buluu umepata molari 0.064, yaani theluthi nzima imepotea na wala huoni chochote maana rangi ni buluu vilevile! Ile isiyo na maji ni nyeupe, ukiiona nyeupe ndio utumie 159.6. Sodiamu kabonati ndio hatari zaidi kwa sababu zote mbili ni nyeupe, kavu ni 106 na yenye maji kumi ni 286, hapo jicho halikusaidii, soma kopo, uzito wa moli huwa umeandikwa pale.

Halafu kuna hii hewa yetu. Mombasa asubuhi unyevu ni mwingi mno, chumvi ya mezani yenyewe yashikana mpaka watu watie mchele ndani, sasa kalsiamu kloraidi ukiiacha wazi inavuta maji hewani mpaka inayeyuka yenyewe, kwa hivyo ile unayopima nusu ni maji na mizani haijui tofauti. Kifuniko kirudi hapohapo. Na ile chumvi ya dukani tafadhali usiilete kwa kazi ya maabara, imetiwa aidini na dawa ya kuzuia kushikana, iache jikoni.

Jambo lingine, lita moja ya solusheni si lita moja ya maji ukatia chumvi juu, mjazo utapita. Yeyusha kwanza kwenye bika, ile glasi ya maabara, kwa maji kidogo, mimina kwenye chupa ya kipimo, suuza bika na maji hayo pia yaingie, ndio ujaze mpaka kwenye alama ya shingo, jicho liwe sawa na mstari na usome chini ya lile bonde la maji. Funga, pindua pindua. Maji yawe yale ya distildi, yaliyochemshwa mvuke wake ukapozwa, ya mfereji mengi huku yana chumvi zake tayari.

Na ukitaka nguvu ndogo sana, mfano mililita 250 za mrututu wa molari 0.01, usihangaike kupima gramu 0.624 kwa mizani inayosoma tarakimu moja tu baada ya nukta, haiwezi. Chukua mililita 25 za ile ya 0.1 kwa pipeti, ule mrija wa kupimia, tia kwenye chupa ya 250, jaza mpaka alama, imetoka.