Mtani wetu alikaa kaburini kwa baba

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa kwenye cherehani nikimalizia sare za kwaya, redio iko juu ya meza ya kukatia. Mapumziko ilikuwa moja moja. Mpira ulipokwisha, Yanga walikuwa wametufunga tano. Mkono mzima. Mimi ni Simba tangu tumboni, na nalisema hili mapema ili ujue nilikuwa na kidonda changu.

Mimi pia ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Iringa. Sikuomba. Lilianzishwa kwa ajili ya michango ya misiba na kuulizana kama maji yametoka, na dada aliyelianzisha alipohama mji akaniachia, kama mtu anavyoachiwa kuku wa jirani awatazame. Tuko mia na arobaini na ushee.

Jioni ile simu haikutulia. Makolo hivi, Utopolo vile, yale majina ya kejeli ambayo Simba na Yanga tunaitana, na stika za viganja vyenye vidole vitano. Nyingine nilicheka. Kulikuwa na moja ya simba amefungwa bandeji kichwani anapelekwa zahanati kwa baiskeli; hiyo niliihifadhi, naikiri. Halafu, kwenye saa tatu usiku, kijana mmoja wa bodaboda akamwandikia jirani yetu, Simba wa kufa mtu: "Leo umelia kuliko ulivyomlilia mama yako."

Mama yule tulikuwa tumemzika Agosti.

Grupu likanyamaza kama dakika mbili. Kisha yakamwagika matusi ya nguoni, wengine wakimtetea aliyetukanwa kwa kumtukana mama wa kijana, ambaye naye yumo humo humo grupuni na hakuwa amesema lolote tangu asubuhi alipouliza bei ya mkaa. Yule jirani mwenyewe hakujibu kitu. Yakatokea tu yale maandishi madogo ya kijivu. Amelefti.

Nikafanya yale ambayo simu inaniruhusu. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine, nikaufuta, lakini watu walishapiga skrinishoti na zinatembea. Nikafunga grupu, waandike maadmini peke yao, yaani mimi. Siku mbili za utulivu, nikajiona hodari. Jumanne bomba likapasuka, na kila aliyetaka kulisema ikabidi anipigie mimi nitangaze. Mama mmoja akaniambia, "Kakosa mmoja umetufunga midomo wote, hata mwalimu hafanyi hivyo." Walimu wanafanya sana, lakini nilimwelewa.

Katika siku hizo mbili niliongea na wengi, na waliotukana wote walinipa jibu moja. Utani tu, dada. Simba na Yanga si ndiyo watani wa jadi?

Hapo wakanigusa pabaya, kwa sababu mimi ni Mhehe, na utani sikuufundishwa na redio. Babu zetu na Wangoni walipigana vita vikali enzi za Munyigumba na mwanawe Mkwawa, miaka ya 1870 kuingia ya 1880. Wajukuu wa vita ile leo ni watani. Mngoni akiingia kwangu ataniuliza kama mbwa wa leo amechemshwa au amekaangwa, maana Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa, na mimi sina ruhusa ya kununa. Nikinuna, mwenye kosa ni mimi.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne. Jeneza limefika makaburini, mzee mmoja Mngoni, jirani yetu, akashuka kaburini akakaa. Akasema shimo hili ni lake, amelipata mapema, Mhehe atafute lingine. Hatoki mpaka apewe hela. Watu wanacheka, wengine machozi yanawatoka huku wanacheka, na mimi nilitamani ardhi immeze hukohuko aliko. Mjomba akatoa noti, mzee akaikagua kama ni halali, akadai na ya mkewe, ndipo akatoka.

Nyumbani nikamwambia mama kwamba simpendi yule mzee. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, sauti imekauka. Akasema, "Aliyechimba lile kaburi ni nani?" Ni yeye, na wanawe wawili. Walianza alfajiri. Na kuni zilizopikia msiba ule siku tatu zilitoka kwake.

Hili ndilo nililokuwa nalikosa nilipokuwa nabonyeza vitufe. Yule mzee alikuwa na haki ya kumchekesha mjane kwa sababu udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha zake. Utani kwetu una gharama, na unailipa kwanza. Sasa kijana wa bodaboda alikuwa amelipa nini?

Nikampigia. Sikumwandikia, maana maandishi hayana sauti, na mimi nikiandika nikiwa na hasira huwa naonekana mkali kuliko nilivyo. Akaanza, "Dada, ule ulikuwa utani tu." Nikamuuliza, "Kwenye msiba wa mama yake ulikwenda?" Kimya. Nikasikia pikipiki zinapita nyuma yake. "Mchango ulitoa?" Akasema siku zile hali ilikuwa mbaya. Inawezekana, sikumbishia. Nikamwambia nyumba ya yule bwana ni ile yenye geti la bluu baada ya mashine ya kusaga. Akaniambia, na hapo ndipo niliposhtuka, kwamba hakujua anakaa wapi. Anamjua kwa jina la kwenye simu na picha yenye jezi.

"Sasa nikifika nitasema nini?"

"Sema hodi. Mengine yatajileta."

Alikwenda Jumamosi na sukari kilo mbili. Waliyoongea siyajui, na nilijizuia kuuliza, jambo ambalo kwa fundi cherehani si dogo.

Grupuni tulikuwa na masharti kumi na mawili yaliyobandikwa juu, yote yanaanza na "Hairuhusiwi", yalinakiliwa kutoka grupu lingine. Moja lilikataza matangazo ya viwanja wakati kwetu hakuna mwenye kiwanja cha kuuza. Nikayatoa yote. Nikaandika mstari mmoja: Kama hujui mlango wake, usimtanie. Na mkikosana, pigianeni au mfuatane, msituite kuwa watazamaji.

Msidhani tumekuwa malaika. Nimewahi kuwatoa watu wawili tangu hapo. Mmoja alistahili. Mwingine nilimtoa usiku nikiwa nimechoka, kwa neno ambalo asubuhi nililisoma tena nikaona halina ubaya, na nilipomwomba arudi alikataa. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri tu, ila nguo zake siku hizi anashona kwingine.

Yule jirani wa geti la bluu alirudi Januari, bila maelezo. Aliandika, "Jamani maji yapo?"

Tarehe 25 Juni 2025 Yanga wakatufunga tena, mbili bila. Nilikuwa nimeshika simu tayari, kidole kiko karibu na kile kitufe cha kufunga. Wa kwanza kutuma stika alikuwa kijana wa bodaboda, na aliituma kwa nani kama si kwa bwana yuleyule. Simba na bandeji, anapelekwa zahanati. Nikashusha pumzi nikasubiri.

Jibu likaja baada ya muda: "Mtani, nimeishiwa nguvu kabisa. Kesho njoo unilimie bustani."

Asubuhi nilipokuwa napeleka nguo za mteja nikapita njia ya mashine ya kusaga. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa nje ya geti la bluu, kofia ngumu imetundikwa kwenye kioo. Niliporudi saa nne bado ilikuwepo.