Gauni la kulalia la Goma liwe na mfuko

Mteja akija kwangu Birere, mtaa wa Goma, Kongo, kuagiza gauni la kulalia, kabla ya kumpima mabega namuuliza: "Mama, usiku kukitokea jambo, hili utatoka nalo mpaka barabarani?" Akisita, tunabadilisha kitambaa.

Waliokuwa Goma mwezi wa tano 2021 hawahitaji kuelezwa. Jumamosi tarehe 22, jioni, volkano yetu Nyiragongo ilipasuka. Anga likawa jekundu, watu wakashika njia, wengine kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wengine Sake. Katika msongamano ule nilimwona mama mtu mzima, mwenye heshima zake, ndani ya gauni la nailoni linaloonyesha mwili wote. Alikuwa amejizungushia shuka ya kitanda, ameikamata kwa mkono wa kushoto, haachii. Wa kulia ulimvuta mtoto. Mzigo wa nguo ulikuwa kichwani kwa mtoto mwingine, mdogo mno kwa mzigo ule, kwa sababu mkono mmoja wa mama ulikuwa na kazi ya kumsitiri. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika, na wengi tukalala nje kwa kuogopa kuta. Nguo ya chumbani ikawa nguo ya mbele ya majirani na wakwe.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema nguo ya kulalia ishonwe ovyo kwa kuwa haionwi na mtu. Hata huko Ulaya haikuanza kama nguo ya kujificha. Karne ya 17 na ya 18, gauni la usiku lilikuwa joho pana la kushinda nalo nyumbani. Waholanzi walililetewa na meli kutoka Japani, kwa mtindo wa kimono, na tajiri aliweza kupokea wageni nalo, hata kuchorwa picha akiwa amelivaa. Lile jeupe la pamba, limefungwa shingoni, mikono mirefu na lesi, ni la karne ya 19.

Nyanya yangu alifundishwa kushona Bukavu, kwenye fuwaye sosiali, vituo vya kufundishia wanawake kazi za nyumbani, za wakati wa Wabelgiji. Alijua kushona gauni jeupe la kulalia, mishono yake midogo kama mchele. Yeye mwenyewe alilala na kikwembe, yaani kitenge, kilichofungwa kifuani mpaka uzeeni. Kikwembe unaamka nacho, unateka maji nacho, unambeba mtoto nacho, na hakuna atakayekutazama mara mbili.

Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, na baada ya vita ikaingia kwenye nguo za usiku kwa wingi. Leo kwenye mitumba ya soko la Virunga ziko tele: nyepesi, zinakauka upesi, bei haiumizi. Lakini sisi tunapika kwenye mbabula, jiko la makaa, na umeme ukikatika tunawasha mshumaa. Nailoni ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba yenye manyoya, kama flaneli, nayo inawaka haraka. Uingereza watoto waliungua ndani ya magauni ya kulalia mpaka serikali ikaweka kanuni za usalama miaka ya 1960. Kwa hiyo mimi nashona popelini ya rangi iliyokolea, mikono inaishia juu ya kiwiko, na upindo wa chini hauna marinda ya kuburuta karibu na makaa.

Ninayoyapenda zaidi ni ya kwenda nayo materniti, hospitali ya kujifungulia. Vifungo vinaanzia shingoni hadi chini ya matiti, vikubwa, na tundu lake nalilegeza kidogo, ili mama afungue gizani kwa mkono mmoja wakati mwingine umemshika mtoto. Vifungo vya chuma siviweki. Vina baridi kwenye shavu la kichanga.

Mfuko unakaa ubavuni, ndani ya mshono, una zipu, unatosha simu na kadi ya mpiga kura. Bibi harusi wengine hulalamika kwamba unaharibu umbo. Ana haki ya kitu laini, na satini na lesi namshonea kwa moyo wote, ila namshonea na koti lake refu la juu, na mfuko nauhamishia kwenye koti. Huo mfuko silipishi.