Chumvi niliyokuwa nikiinywa bila kuionja

Kwa miezi mitatu presha yangu ilikataa kushuka, ingawa nilikuwa nikimeza amlodipini kila asubuhi bila kukosa, na nilikuwa nimekwisha kuacha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, jambo ambalo kwa mtu aliyezaliwa Tanga si dogo. Kipimo kilikuwa kikisoma 160 kwa 98, na mke wangu akaanza kunishuku kwamba nala achari kwa majirani.

Siku moja nilikwenda duka la dawa pale Ngamiani kununua tena paracetamol ya kuyeyusha majini, ambayo nilikuwa nikiinywa kwa ajili ya goti, kwa kuwa vidonge vya kawaida hunikwama kooni. Binti mfamasia akaniuliza kama nina presha, na nilipokiri, akanigeuzia boksi na kunionyesha maandishi madogo ya ubavuni.

"Babu, hapa kila kidonge kina sodiamu miligramu 400 hivi. Unakunywa vingapi kwa siku?"

Nilikuwa nikinywa 6. Hesabu hiyo inafika miligramu 2,400, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku kutoka katika kila anachokula na kunywa, yaani chumvi isiyofika gramu 5, takribani kijiko kimoja cha chai. Kumbe nilikuwa nimevuka kiwango kabla sijagusa chakula! Povu linalotoka kidonge kinapoyeyuka hutokana na sodiamu baikaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage, inapokutana na asidi ya sitriki ndani ya maji. Gesi huruka, sodiamu hubaki kwenye glasi, na kwa kuwa haina ladha ya chumvi, ulimi haushtuki. Sodiamu ikizidi mwilini huvuta maji, damu huongezeka ujazo, na mishipa hubeba mzigo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa zaidi ya milioni moja, uliwakuta watumiaji wa dawa za namna hii wakipata presha zaidi kuliko wenzao.

Daktari aliponisikiliza hakuniongezea dawa ya presha. Aliniambia nibadili aina ya paracetamol, na nivitazame pia vidonge vya vitamini vinavyotoa povu. Baada ya wiki 5 kipimo kilisoma 138 kwa 86. Koo bado linanisumbua, kwa hiyo kidonge nakikata vipande viwili na kukishushia uji.